Barua ya Wazi kwa Wenye Mashua Walio Mbali na Mashua Zao

Kwa ndugu zetu na wana wetu wa Lamu, Shela, Matondoni na kisiwa cha Pate, mlioko Omani, Imarati, Saudia na Ulaya, ambao mna mashua za matembezi katika maji ya kwenu.



Naomba ruhusa yenu niseme jambo ambalo limekuwa likisemwa chinichini barazani na ufuoni, wala halijapata kuandikwa mbele ya macho yenu kwa adabu na kwa tafsili. Jambo lenyewe ni gharama za mwaka za vyombo mlivyovijenga au kuvinunua, si kwa biashara wala kwa uvuvi, bali kwa furaha yenu na ya jamaa zenu mjapo likizo. Na nimechagua kulileta kwa barua ya wazi, badala ya kumwandikia kila mmoja sirini, kwa sababu kasoro ninayoikusudia si ya mtu mmoja hata asitiriwe, bali imekwisha kuwa desturi, na desturi haisahihishwi kwa kunong'onezana. Mimi ni mshika madaftari ya vyombo vya watu. Sina mashua ya kuuza, wala sina fundi ninayemtafutia kazi, na kwa hivyo natumaini maneno yangu yatapokewa kama yalivyo.

Mtu aazimiapo kupata mashua ya matembezi, huanza kwa hesabu iliyo nzuri kabisa. Humuuliza fundi wa Matondoni bei ya mbao, bei ya misumari, ujira wa mikono, mlingoti, foromali na tanga; hubishana juu ya urefu wa mkuku kama mtu abishanaye juu ya mahari; na siku ya kushusha chombo hujua, hata kwa shilingi moja, fedha ngapi zimeingia katika mbao zile. Dua husomwa, halwa huliwa, kahawa huzunguka, na hapo daftari hufungwa. Yote yajayo baada ya siku hiyo hayaitwi tena gharama: huitwa misiba. Simu hulia usiku kule Maskati au Dubai kwamba chombo chavuja. Baada ya miezi mitatu hulia tena kwamba tanga limepasuka. Kisha kwamba amari imekatika na mashua imeonekana upande wa kisiwa cha Manda. Na kila mara mwenyewe hushtuka, hulaumu, hukopa na hutuma fedha kwa haraka, na fedha ya haraka, kama mnavyojua ninyi mlio wafanyabiashara, haijapata kununua kitu kwa bei yake ya haki. Lakini hebu tuzitazame habari hizo moja moja. Ipi kati ya hizo haikujulikana kabla? Kuvuja kwa mbao, kuchakaa kwa kitambaa juani na kuoza kwa kamba ni mambo yanayokuja kwa wakati wake kama kusi inavyokuja kwa wakati wake, na mwenye kuyapokea kama ajali ni mtu aliyeacha kufanya tadbiri.

Shina la kosa ni dhana kwamba mashua hutumia fedha inapotembea, na kwamba ikilala haitumii. Dhana hiyo yafaa kwa mambo mengi ya mjini, lakini baharini ni kinyume chake. Mashua ni kama punda wa Lamu: akisimama siku nzima bila ya mzigo, jioni hudai majani yake vile vile. Naam, nathubutu kusema kwamba chombo kilalacho hula zaidi ya kile kitembeacho, kwa kuwa kile kitembeacho kina watu ndani yake wanaokitazama, wanaofua maji ya ngama, wanaosikia kamba ikilia vibaya katika kapi na wanaoona msumari uliochungulia, ilhali kile kilichofungwa mwaka mzima hakina shahidi isipokuwa kunguru.

Na walaji wake ni wengi. Chini ya maji wako wadudu watobao mbao, ambao huingia kwa tundu dogo kama ncha ya sindano na ndani wakachimba mapito ya kutosha kidole, hata ubao uonekane mzima machoni na ukabonyea kwa gumba. Dawa yao, tangu zama za babu zetu, ni kukipweleza chombo wakati wa bamvua, kukitegemeza kwa magadi, kukikwangua makombe na majani, kukichoma ubavuni kwa moto wa makuti makavu, kisha kukipaka deheni. Mliokuwa wadogo mkaondoka mapema, pengine hamjapata kuitazama kazi hiyo kwa karibu, na mimi naona yastahili kuelezwa, kwa kuwa mtu hakubali kulipia asichokijua. Shahamu huyeyushwa katika sufuria kuukuu, chokaa hutiwa kidogo kidogo, na mchanganyiko hukandwa mpaka ushikane kama unga wa mkate. Kisha watu hulala chali au huchutama matopeni chini ya ubavu wa chombo, wakaupaka kwa viganja vya mikono, ubao kwa ubao, bila ya kuacha hata upenyo wa shilingi, na yote hayo sharti yaishe kabla ya maji kurudi. Aliye katika kazi ya kalafati, yaani kuziba mishono, naye ana haraka ile ile: husokota nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta, huzilaza katika mshono, na kwa patasi butu na nyundo huzishindilia mpaka mlio wa nyundo ubadilike ukawa mkavu, na kwa mlio huo hujua kwamba mshono umeshiba. Fundi asiyelipwa vizuri hasubiri mlio huo. Hushindilia pamba mara moja, hupaka juu, na ninyi hamwezi kuona tofauti mpaka mwezi wa pili, maji yanapopanda ndani.

Mlaji mwingine, ambaye watu wengi hawamdhanii, ni maji ya mvua. Maji ya chumvi, pamoja na ukali wake wote, huihifadhi mbao. Maji matamu ndiyo huiozesha, hasa yanapotuama katika pembe za mataruma na chini ya sitaha mahali pasipopita hewa. Mashua iliyoachwa wazi kwa masika moja, kuanzia Aprili hata Juni, huharibika kwa namna ambayo misimu kadhaa ya bahari isingeiharibu. Turubai la kufunika, lililofungwa juu ya mti ili lisilale na kufanya bwawa, ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na taruma moja jipya. Lakini katika madaftari yangu turubai huonekana mara chache, na taruma huonekana mara nyingi. Wako pia wanaodhani kwamba salama ni kukipandisha chombo nchi kavu na kukiacha huko hata warudipo. Hao nao hawakupona, kwa sababu jua hukausha mbao, mbao hujivuta, mishono hufunguka, na siku ya kukishusha maji huingia pande zote, hata ikalazimu kalafati ifanywe upya kutoka mkuku hadi ukingo.

Sasa nije kwenye hesabu, na nitaifanya kwa mfano, si kwa bei ya leo, kwani bei hubadilika lakini uwiano hubaki. Tuseme mashua imejengwa kwa shilingi 800,000 za Kenya. Tanga lake ni shilingi 80,000 nalo litadumu miaka 5, basi kila mwaka tanga limekula 16,000, hata kama halikutwekwa zaidi ya mara chache, maana jua na panya wa ghalani hawahesabu safari. Kamba zote, henza na demani na amari, ni 24,000 kwa miaka 3, yaani 8,000 kwa mwaka. Kupweleza, kuchoma, kalafati na deheni mara mbili kwa mwaka, kila mara 15,000, ni 30,000. Rangi na mafuta ya sehemu za juu, 10,000. Leseni, ukaguzi na jaketi za kuokolea, tuziwekee 10,000 nyingine. Hiyo ni jumla ya shilingi 74,000. Tia mashine ya nyuma ya shilingi 240,000 itakayodumu miaka 8, yaani 30,000 kwa mwaka bila ya petroli. Halafu tia kitu ambacho karibu ninyi nyote mmekiacha nje ya hesabu, nacho ni mtu wa kuiangalia mashua hiyo, kwa shilingi 5,000 tu kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni 60,000. Jumla imefika 164,000, nayo imezidi khumsi ya thamani ya chombo. Lakini ikigawanywa kwa miezi haifiki shilingi 14,000, kiasi ambacho wengi wenu mwaweza kukituma bila ya kushtuka, madhali kinatumwa kila mwezi, wala hakisubiriwi mpaka kiwe msiba.

Wenye yoti wa Ulaya na Marekani wana kanuni ya mkono, kwamba chombo cha starehe hula kila mwaka sehemu ya kumi ya bei yake. Nimesikia baadhi yenu mkiitaja, na si kanuni mbaya kwa mtu asiye na nyingine. Ila mwaona katika mfano wangu kwamba sehemu ya kumi yatosha tu ikiwa mashua haina mashine na mtunzaji wake hana tumbo. Tena ina mtego mkubwa, ambao umewanasa wanaonunua vyombo vikuukuu. Mtu hupata mashua ya zamani kwa shilingi 200,000, akafurahi, akatenga 20,000 za mwaka, akidhani amefuata kanuni. Lakini deheni haijui ulinunua kwa bei gani! Urefu wa ubavu ni ule ule, tanga ni lile lile, fundi hali chakula cha nusu kwa kuwa chombo ni cha nusu bei. Na zaidi ya hayo mbao zimekwisha choka, na mbao njema za kubadilisha hazipatikani kwa urahisi wa zamani, hasa tangu mwaka 2018, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kwa muda ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Kwa hivyo gharama ipimwe kwa bei ya chombo kipya cha ukubwa huo, wala isipimwe kwa bei uliyobahatika kuipata.

Nimetaja mtunzaji, na hapa nataka kukaa kidogo, kwani ndipo penye uchungu. Aghalabu mtunzaji si mtu wa kuajiriwa: ni mdogo wako, au mtoto wa shangazi, au shemeji, ambaye uliondoka ukamwambia, "Chombo hicho, kitazame," ukadhani kwamba neno hilo ni mkataba na kwamba udugu ni mshahara. Yeye ana mke na watoto. Usiku upepo wa kusi unapovuma hutoka nje akatazama kama amari imeshika. Asubuhi hufua maji. Mchana huombwa na jirani na hukataa, au hushindwa kukataa. Mwezi wa kwanza hufanya hayo kwa mapenzi, na mwezi wa sita kwa haya. Ukifika mwaka huanza kujilipa mwenyewe, nako kujilipa kwake ni kuipakia mashua wageni wa kwenda kutembea Manda, au kuikodisha kwa mvuvi, au kuibebesha mawe na mchanga ambao haikujengwa kuubeba. Na chombo cha starehe kikifanyishwa kazi ya dau la mwao, mishono yake huachana upesi. Ndugu yule wa ughaibuni akirudi, huona ubavu umekwaruzwa, huuliza, husikia majibu yasiyonyooka, kisha humwita mdogo wake mwizi. Nimeshuhudia jamaa wakikosa kusemezana hata katika siku ya Idi kwa ajili ya mambo kama haya, na nikifungua daftari naona kwamba fedha aliyoichukua yule aitwaye mwizi, kwa miezi yote ile, ilikuwa chini ya ujira ambao angalipewa mgeni. Insafu yataka aliyeiweka amana bila ya posho naye ajiulize swali moja au mawili.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii, na si kwa sababu walikuwa malaika. Katika vyombo vya uvuvi, mapato yalipogawanywa, chombo chenyewe kilikuwa na fungu lake, kama kwamba nacho ni baharia aliye hai. Na fungu hilo halikuwa la kuchezewa, kwa maana kila mmoja pale alijua kwamba chombo kisipokula leo, kesho hakuna atakayekula. Ninachowaomba ni kulirudisha fungu la chombo katika mashua za starehe. Liwe na mahali pake mbali na mfuko wa mwenyewe na mbali na mfuko wa mtunzaji, hata kama ni laini moja ya simu isiyotumika kwa jambo lingine; liingizwe kila mwezi; litolewe kwa karatasi iliyotiwa sahihi na mtunzaji na fundi; na mtunzaji apate ujira wake kwanza, kabla ya rangi na kabla ya pambo lolote. Na kama mnakubali aitumie mashua kwa kuchuma, semeni wazi, andikianeni, wekeni mashahidi kama dini yetu ilivyotuusia katika madeni, mpange mapato yagawanywe mafungu mangapi na chombo kipate lipi. Ila mkumbuke kwamba kupakia abiria wa kulipa ni shughuli nyingine mbele ya sheria: leseni yake si ile ya matembezi ya jamaa, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2004, haitazami udugu inapokagua jaketi.

Kwa wale mlioacha mbao mkaleta maboti ya faiba kutoka Ghuba, mkidhani mmeepukana na haya yote, nina maneno machache tu. Faiba haitobolewi na wadudu, ni kweli, lakini mashine yake haijui hilo. Mashine isiyooshwa kwa maji matamu baada ya kila safari hushikwa na chumvi ndani. Petroli iliyolala tangini miezi mingi huchafua kabureta. Na kipande cha zinki kilichowekwa kiliwe badala ya chuma, kikiisha bila ya kubadilishwa, chuma chenyewe huanza kuliwa. Katika madaftari niliyonayo, boti la faiba lililoachwa bila ya mtu humgharimu mwenyewe kwa fundi wa mashine kile ambacho mashua humgharimu kwa fundi wa mbao, na bei ya vipuri hailingani na bei ya pamba na shahamu.

Najua mtaniuliza: je, si afadhali basi kuacha kabisa? Kwa baadhi yenu, naam, ni afadhali, na hakuna aibu. Ajaye kwa wiki tatu katika miaka miwili hana haja ya kumiliki chombo. Na akodi kwa siku anazozitaka, nahodha wa Shela apate riziki yake, na deheni iwe jambo la mwenye chombo. Na wengine, mlio mabinamu watatu wenye mashua tatu zinazooza katika matope mamoja, kwa nini msifanye shirika la mashua moja? Mtunzaji mmoja, tanga moja, leseni moja, na gharama ile ya 164,000 ikigawanywa kwa watatu haifiki 55,000 kwa kila mtu. Kitakachobaki ni kuelewana tu nani aje Desemba na nani aje Agosti, na jambo hilo, nakubali, laweza kuwa gumu kuliko fedha, hasa mashindano ya mashua yanapokaribia na kila mmoja ataka chombo kiitwe kwa jina lake.

Lakini simwambii kila mtu auze. Alasiri ya kaskazi, maji yakiwa yamejaa, mtu akiingia na jamaa zake katika mkondo wa mikoko kwenda kutazama magofu ya Takwa, watoto waliozaliwa Ujerumani au Sharjah wakashika demani kwa mikono yao na bibi yao akawacheka kwa kutojua joshi ni nini, hiyo ni faida ambayo sina safu ya kuiandikia katika daftari, na wala sitaki kujifanya kwamba haipo. Ninachokataa ni kwamba alasiri hiyo ilipiwe na mdogo wako kwa usingizi wake, kisha aambiwe mwizi.

Kusi ingalipo kwa sasa, na mafundi wa Matondoni huanza kuahidi kazi zao kabla ya maleleji, ili vyombo viwe tayari kaskazi itakapoingia. Baada ya hapo mikono huwa michache na ujira hupanda, kwa kuwa wenye mashua za wageni na za mashindano wote huwataka watu wale wale. Basi aliye na nia, aniletee kabla ya Agosti kwisha jina la chombo chake, urefu wake, mara ya mwisho kilipopakwa deheni, na jina la anayekitunza pamoja na kiasi atakachomlipa kila mwezi. Asiyejaza sehemu hiyo ya mwisho sitampangia bamvua, kwa maana ufuo wa kupwelezea ni mfupi na magadi hayatoshi wote.

Wassalaam.

Ndugu yenu,
mshika madaftari ya vyombo, Lamu.